KINYOZI HAJINYOI
Namna ya Kusahihisha Kiingereza Ulichoandika Mwenyewe

Kila nirudishapo insha za Kiingereza za Kidato cha Tano na cha Sita, mwanafunzi mmoja au wawili hunijia mezani na karatasi zao mkononi. Hawaji kugombea alama; huja kwa mshangao. "Mwalimu," husema, "kosa hili nalijua. Kanuni yake nilifundishwa tangu Kidato cha Pili, na ukiniuliza sasa hivi nitakueleza bila kusita. Basi imekuwaje nikaandika hivi, tena nikasoma karatasi nzima mara mbili nisilione?"

Swali hilo ni zuri, na wenye kuliuliza ni wengi. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu nilijibu kwa urefu kidogo, ili wanafunzi wote wasome, na wazazi wao pia. Jambo lenyewe ni kazi ya kusahihisha maandishi yako mwenyewe. Watu wa mitambo ya kupiga chapa huiita kusoma prufu, na kwao ni kazi yenye mafundi wake. Kwetu shuleni mara nyingi hufikiriwa kuwa ni kazi ya mwalimu na kalamu yake nyekundu. Lakini madarasa yetu ya Temeke yana wanafunzi wengi, na kalamu nyekundu ni moja. Tena siku ya mtihani mwalimu hayupo. Asiyejua kujisahihisha siku hiyo hana wa kumsahihisha.

MAKOSA NI YA NAMNA MBILI

Kwanza yafaa tuyatenganishe makosa. Liko kosa la kutojua, na liko kosa la kuteleza. Mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyetoka shule ya msingi, ambako masomo karibu yote aliyasoma kwa Kiswahili, akiandika "He goed to school", hakuteleza, hajajua bado. Dawa yake ni kufundishwa. Lakini mwanafunzi wa Kidato cha Sita akiandika "My mother sells fish at Tandika and he wakes up very early", huyo ajua sana ya kuwa mama ni "she". Kalamu yake imeteleza. Kumrudisha katika somo la Kidato cha Kwanza ni kumpotezea wakati. Yeye ahitaji kujifunza kuona alichokiandika.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, nao walisema kweli. Ila msomaji wa karatasi yako hawezi kupima moyo wako. Yeye huona wino tu, na katika wino kosa la ajuaye na kosa la asiyejua yana sura moja.

YALIYONIPATA MIMI

Nitasimulia kisa changu, ili mjue ya kuwa sisemi kwa kusikia. Nilipokuwa namaliza Kidato cha Sita niliandika kuomba msaada wa masomo kwa watu fulani wa nchi za nje. Wakaniletea karatasi ya maswali, nami nikaijibu kwa uangalifu mkubwa. Niliandika kwanza kwa penseli, nikanakili kwa wino, nikafungua kamusi kwa kila neno lililonitia shaka, nikasoma yote mara nne kabla ya kuitia katika bahasha. Mama alinipa nauli ya kwenda Posta. Swali moja lilisema hivi: "Have you not received help from anyone else?" Nami nilikuwa sijapata msaada kwa mtu yeyote. Nikajibu kwa neno moja: "Yes."

Baada ya miezi miwili jibu likaja. Walinipongeza kwa kuwa nimekwisha kupata mfadhili, wakasema fedha zao wamempa mwingine asiye na wa kumsaidia.

Sikuelewa hata kidogo. Nikaichukua nakala yangu ya penseli nikaenda nayo kwa mwalimu aliyenifundisha. Aliisoma, akaweka kidole juu ya lile neno "Yes", akanyamaza kidogo, kisha akanieleza. Kwa Kiswahili mtu akiulizwa, "Hujapata msaada, sivyo?" naye hajapata, hujibu, "Ndiyo," yaani ndivyo usemavyo. Jibu letu lakubaliana na maneno ya aulizaye. Jibu la Kiingereza halimfuati aulizaye. Lafuata jambo lenyewe. Kama sijapata, jibu ni "No", swali liulizwe vyovyote litakavyoulizwa.

Na kanuni hiyo nilikuwa nimeisoma! Ningeulizwa darasani ningeijibu sawasawa. Ikawa nimekaa mwaka mzima nikimsaidia mama gengeni, mpaka nikapata njia nyingine ya kuendelea na masomo. Siwalaumu watu wale, walisoma nilichoandika. Mimi ndiye niliyesoma mara nne nikitafuta herufi zilizokosewa, na herufi zote zilikuwa sahihi.

KWA NINI JICHO HALIONI

Jicho la mtu aliyezoea kusoma halipiti herufi kwa herufi. Huruka, hushika neno hapa na neno pale, na akili hujaza yaliyobaki. Usomapo maandishi ya mtu mwingine, akili hutegemea yale yaliyo katika karatasi. Usomapo ya kwako, akili imekwisha kujua ulilotaka kusema, basi husoma kusudi lako badala ya wino wako. Neno ulilolisahau hulitia yenyewe. Neno uliloliandika mara mbili hulihesabu moja. Ndiyo maana ya kinyozi hajinyoi. Kunyoa ajua, lakini kisogo chake hakioni.

Msidhani ya kuwa huu ni ugonjwa wa wanafunzi wa Temeke peke yao. Mwaka 1631 huko London, wachapaji wa mfalme, Robert Barker na Martin Lucas, walipiga chapa Biblia ya Kiingereza. Katika Amri Kumi, kwenye amri ikatazayo uzinzi, neno "not" likaachwa, na amri ikasomeka kana kwamba uzinzi umeamriwa! Wachapaji wale walitozwa faini ya pauni 300, nazo zilikuwa fedha nyingi sana kwa siku zile. Nadhani kosa lile lilipita kwa sababu ile ile niliyoieleza: kila aliyeisoma amri ile aliijua kwa moyo tangu utotoni, basi "not" aliisoma moyoni mwake.

KISWAHILI KILICHO CHINI YA KIINGEREZA

Lakini makosa yetu hayaji ovyo ovyo. Mengi hutoka mahali pamoja, nako ni Kiswahili chetu kisemacho chini kwa chini wakati mkono unaandika Kiingereza. Si aibu, wala Kiswahili hakina hatia. Tena ajuaye Kiswahili vizuri aweza kukisia mapema mahali atakapoteleza. Nitataja mambo sita.

La kwanza ni kichwa na mkia wa neno. Tazama maneno yetu: mtoto, watoto, kitabu, vitabu, ninacheza, anacheza, alicheza. Habari za umoja na wingi, za nani atendaye, na za wakati wa kutenda, karibu zote huwekwa mbele ya shina. Macho yetu yamezoea tangu utotoni kutazama kichwa cha neno. Kiingereza huziweka habari hizo mkiani: "book, books", "I play, he plays", "play, played". Mswahili apitishapo macho, kichwa hukiona na mkia humponyoka. Ndipo tupatapo "three book" na "she play" katika karatasi za watu wenye akili kabisa.

La pili ni mume na mke. Kiambishi chetu "a-" ni cha wote: mama anapika, baba anapika. Kiingereza hutaka uchague "he" au "she" kila mara, na mkono uliozoea kutochagua hushika lililo karibu.

La tatu ni maneno yetu yafanyayo kazi mbili. Kuazima ni kwa atoaye na kwa apokeaye: "Niazime mwavuli," na pia, "Nimeazima mwavuli kwa jirani." Kiingereza kina maneno mawili, "lend" kwa atoaye na "borrow" kwa apokeaye. Ukiandika "I borrowed my friend ten thousand shillings", msomaji aweza kukuona wewe ndiwe mdeni, kumbe ndiwe unayedai.

La nne ni wakati. Mitaani twasema kila siku, "Nimemwona jana," na hakuna ashangaaye. Lakini "I have seen him yesterday" haikubaliki. Ukitaja wakati uliokwisha kupita, kama "yesterday", "last week" au "in 2019", Kiingereza hutaka "I saw him".

La tano ni vineno vidogo na wingi. Sisi twajadiliana juu ya jambo, kwa hiyo huandika "discuss about". Twafika katika mji, kwa hiyo huandika "reach at". Kiingereza hakitaki vineno hivyo hapo. Kadhalika twasema vifaa na mashauri, kwa wingi, tukaandika "equipments" na "advices", ambapo wenyewe husema "equipment" na "advice" tu. Na vineno "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina, huachwa njiani kama mizigo isiyo na mwenyewe.

La sita ni sauti. Kiswahili kina irabu tano, na kila neno huandikwa kama lisikiwavyo. Kiingereza kina sauti nyingi zaidi za namna hiyo, na sikio letu huziweka mbili katika chungu kimoja. "Live" na "leave", "fill" na "feel", "this" na "these", kwetu husikika kama neno moja. Hapo sikio si shahidi wa kuaminiwa.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI YENYEWE

Sasa nitaeleza njia ninayowafundisha wanafunzi wangu. Haina uchawi, yataka subira tu.

Kwanza, acha maandishi yapoe. Insha uliyoandika jioni usiisahihishe jioni hiyo. Ilale mpaka asubuhi. Usiku mmoja watosha kukufanya uwe mgeni kidogo wa maneno yako.

Pili, tafuta jambo moja kwa safari moja. Hapa ndipo wengi hukosea. Huanza juu na kushuka hadi chini wakitafuta makosa yote kwa pamoja, na atafutaye yote huona machache. Afadhali upite mara nne kwa haraka, kila safari na kazi yake. Safari ya kwanza tafuta maana tu: jiulize nani amefanya nini, na msomaji asiyenijua ataelewa hivyo? Kila "yes", "no" na "not" uisimamishe na kuihoji. Safari ya pili tazama mikia: weka kidole juu ya kila kitenzi, kisha urudi nyuma kumtafuta mtendaji wake, uone kama wanapatana. Safari ya tatu tazama nyakati na watu: maneno kama "yesterday" yakae na kitenzi kifaacho, na kila "he", "she", "his" na "her" iwe na mwenyewe. Safari ya nne tazama maendelezo, yaani mpangilio wa herufi, na hii uifanye kwa kurudi nyuma, ukianza na sentensi ya mwisho hadi ya kwanza. Ukisoma kinyume hivyo, hadithi hukatika, akili haiwezi kukimbilia mbele, na jicho hulazimika kutazama neno lililo mbele yake.

Tatu, tumia rula au karatasi kufunika mistari ya chini. Jicho likinyimwa nafasi ya kuruka litatulia.

Nne, soma kwa sauti. Sikio hugundua neno lililoachwa na sentensi isiyo na mwisho. Zamani katika mitambo ya chapa wasoma prufu walikaa wawili wawili: mmoja alisoma mswada kwa sauti, pamoja na nukta na mikato, na mwenzake alifuata prufu kwa kalamu. Nanyi fanyeni hivyo katika madawati yenu. Ila kumbukeni nililosema juu ya "live" na "leave": yako makosa ya sikio na yako makosa ya jicho, na kila kimoja kina zamu yake.

Tano, na hili ndilo kubwa, weka daftari la makosa. Ligawe sehemu tatu: sentensi uliyokosea, sentensi iliyosahihishwa, na sababu yake, pamoja na neno la Kiswahili lililokuvuta. Baada ya muhula mmoja utaona ajabu. Ulidhani una makosa mia. Kumbe una makosa matano au sita tu, yajirudiayo kila wiki. Siku ya mtihani huna haja ya kutafuta makosa yote ya ulimwengu. Tafuta yako. Katika mtihani wa saa tatu jiwekee dakika 15 za mwisho kwa kazi hiyo, hata kama bado ungali na la kuongeza.

INSHA ZA KINONDONI

Ninaye rafiki afundishaye katika shule moja ya Kinondoni. Tulipatana kubadilishana insha. Wanafunzi wangu, ambao hutoka Mbagala, Mtoni, Keko na Tandika, huandika bila kutia majina. Zangu huenda kwake katika bahasha, na zake huja kwangu. Kila mwanafunzi husahihisha insha ya mtu asiyemjua.

Mara ya kwanza msichana mmoja wa Kidato cha Tano alifanya kazi hiyo kwa bidii sana. Katika ukurasa mmoja alipata makosa manane, na lililomchekesha zaidi ni mwenzake wa Kinondoni aliyemwita shangazi "he" mara tatu. Nami sikusema neno. Nilivuta insha yake mwenyewe ya juma lile, iliyokuwa mezani kwangu, nikampa. Katika mstari wa pili dada yake alikuwa "he". Aliiangalia kwa muda, kisha akaniomba daftari jipya. Daftari hilo analo hadi leo, na katika ukurasa wa kwanza ameandika neno moja tu kwa herufi kubwa: SHE.

Funzo lake ni hili. Uwezo wa kuona tunao tayari. Hauamki mpaka maandishi yawe ya mgeni. Kwa hiyo asiye na rafiki wa Kinondoni na ambadilishie jirani yake wa dawati. Na usahihishapo ya mwenzio, usiandike jibu. Piga mstari chini ya kosa tu, umwachie mwenyewe atafute dawa. Aliyepewa jibu hulinakili na kulisahau siku hiyo hiyo.

Zoezi jingine halina gharama. Daladala ikisimama katika msongamano kutoka Mbagala Rangi Tatu kwenda mjini, soma mabango ya barabarani. Mara nyingi utaona "Hair Saloon". Sisi twasema saluni, na nadhani sauti hiyo ndiyo ivutayo kalamu. Lakini kwa Kiingereza mahali pa kutengeneza nywele ni "salon", na "saloon" ni baa ya zamani au namna ya motokaa. Tena jueni ya kuwa simu na kompyuta haziwezi kutegemewa hapa. Chombo kikaguacho maendelezo peke yake hupitisha "saloon" kwa amani, maana ni neno halali, kama kipitishavyo "leave" uliyokusudia iwe "live". Hata vyombo vya siku hizi vijaribuvyo kusahihisha sentensi nzima havijui wewe ulikusudia nini. Mimi na "Yes" yangu navyo visingeniokoa. Na katika chumba cha mtihani havimo. Andika makosa ya mabango katika daftari lako, lakini usimcheke mwenye duka. Yeye ana kazi na wateja. Wewe bado una daftari tu.

KWA WAZAZI

Mzazi mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi Kiingereza sikukisoma. Nitamsaidiaje mwanangu?" Nilimjibu ya kuwa aweza sana. Mwambie akusomee insha yake kwa sauti, na kila sentensi akueleze kwa Kiswahili. Kisha umwulize maswali ya kawaida: Huyo ni mwanamume au mwanamke? Ilikuwa lini? Ni mmoja au ni wengi? Nani alimpa mwenzake, na nani alipokea? Kila swali litamrudisha kwenye karatasi, na mara nyingi atasema mwenyewe, "Ngoja kidogo, mama, hapa nimekosea." Huhitaji kujua neno "she" ili umkumbushe ya kuwa shangazi yake ni mwanamke. Mama yangu angeniuliza tu, "Hapa umewaambia umepata au hujapata?" huenda nisingekaa gengeni mwaka mzima.

HATA WAKUBWA HURUDIA

Wako wanafunzi waonao ya kuwa kusahihisha ni kujidhalilisha, na mwenye akili huandika mara moja. Na wamtazame marehemu Mwalimu Julius Nyerere, aliyepata kufundisha huko Pugu, nje kidogo ya mji wetu, mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi ya shule kwa ajili ya siasa. Alifasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1963, naye ni Rais wa nchi. Angaliweza kukiacha hivyo. Badala yake aliirudia kazi ile, akairekebisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Hata jina la kitabu halikusalimika na kalamu yake. Basi kama Rais wa nchi alipata wakati wa kurudia kazi iliyokwisha kupigwa chapa, sisi hatuna udhuru wa kukataa kuirudia insha ya kurasa mbili.

ZOEZI

Maneno yafuatayo yana makosa kumi. Funika majibu kwa karatasi, upite safari nne kama nilivyoeleza, kisha ulinganishe.

"Last Saturday my grandmother has travelled from Mbagala to Kinondoni to visit my aunt. He reached at the house at noon and found that my aunt have gone to the market. The neighbours gave her two chair and many advices, and one of them borrowed her an umbrella because it was raining. She waited there untill three o'clock. When my aunt returned back, my grandmother asked, 'Did you not get my message?' 'Yes,' said my aunt, 'I did not get it.'"

Majibu:

1. "has travelled" iwe "travelled", kwa sababu ya "Last Saturday".
2. "He" iwe "She". Bibi ni mwanamke.
3. "reached at" iwe "reached".
4. "have gone" iwe "had gone". Alikuwa amekwisha kuondoka kabla bibi hajafika.
5. "two chair" iwe "two chairs", tazama mkia.
6. "many advices" iwe "a lot of advice".
7. "borrowed her" iwe "lent her". Jirani ndiye aliyetoa.
8. "untill" iwe "until".
9. "returned back" iwe "returned". Kurudi kumo ndani ya neno lenyewe.
10. "Yes" iwe "No". Hili mnajua sababu yake.

Aliyepata yote kumi bila kutazama nampongeza. Aliyekosa mawili au matatu asisikitike. Ayaandike katika daftari lake, maana hayo ndiyo yake, na sasa ameyajua. Na atakayepata kosa katika makala hii yangu aniletee mezani. Nimeyasoma maneno haya mara nyingi, lakini kisogo changu mimi pia sikioni.